Mkwaju wa Ufunguzi

Prezida wa klabu, ndani ya suti nyeupe, alikuwa ameshaufungua mchezo mara mbili kwa mkwaju wa kitoto, na wachezaji bado walisimama juani wakingoja apendeze kwenye picha.

«Umenikamata muzuri, Mbelu?»

Mbelu, mpiga picha asiye na mwajiri, alikitazama kiatu cha bwana mkubwa. Kamba ilikuwa imefunguka, ikiburuta kwenye vumbi jekundu. Msimu mzima mtu huyu alizitoa gazetini picha za Mbelu kwa jina la mpwa wake mwenyewe, uso mkavu.

«Bado, Prezida,» alijibu kwa heshima zote. «Muanzie mbali, kisha mupige na nguvu yote.»

Prezida akarudi nyuma, kifua mbele.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Mbelu akakitoa kifuniko cha lenzi.