Matairi Yasiyoogopa Msumari

Alfajiri, taa zikiwa bado zimezimwa, Zuwena alisikia funguo zikilia ukutani. Khatibu, shemeji yake, alikuwa akilichukua gari la kasi ambalo Zuwena aliachiwa na marehemu mumewe, likafungwe matairi mapya. Zuwena akambeba bintiye, wakaenda wote.

"Fundi, weka ya kawaida," Khatibu akasema dukani. "Mjane ana safari gani?"

"Gari hili halina tairi la akiba, shemeji. Likipasuka porini, nikae na mtoto nikungoje wewe? Fundi, nifungie yale yanayokwenda hata yakitoboka."

"Hayo magumu. Yatakuumiza mgongo."

"Mgongo wangu, shemeji, na gari langu."

Fundi akayafunga yale magumu. Khatibu akaingia, akashika usukani.

Mtoto akasema, "Baba mdogo, hapo anakaa mama."