Karakana ya Meza Fupi

"Ikate tena," fundi seremala alisema. "Bado ndefu."

Mdogo wake, mchomeleaji vyuma, aliinua miwani ya kazi akaitazama ile miguu ya chuma. Alikuwa ameshaikata mara mbili. Meza ya msumeno waliyokuwa wakiiunda ilikuwa imeshapita kiuno kwenda chini, na sasa iliyatafuta mapaja.

"Kaka, ukipasua mbao hapa utapinda mgongo kama ndoano. Au watakaofanya kazi humu ni panya?"

"Kata, wewe."

Akakata. Kaka huyu ndiye aliyemfundisha kushika msumeno, kabla hajazikimbia mbao na kufuata chuma. Alikuwa akimgonga kidole kwa penseli: kata nje ya mstari! Msumeno ukishaula mstari, hakuna gundi itakayourudisha. Mtu huyo hakuwahi kukosea kipimo. Ni tangu shemeji, mke wa kaka yake, azikwe ndipo vipimo vyake vilipoanza kwenda mrama.

Mashine za dukani alizikataa. "Zimepimiwa mtu mwingine," alisema, akaanza kuunda zake, na kila moja ilikula kitu cha nyumbani. Baiskeli ilikwenda kwa muuza vyuma chakavu, ikarudi mota. Kabati la vyombo lilivunjwa likawa rafu, nazo rafu zikapigiliwa chini chini ukutani, randa na patasi zote zikashushwa huko. Kizingiti cha mlango alikibomoa, akamwaga zege la mteremko.

"Mbao zitaingia vizuri," alisema.

"Na lori, je?" mdogo wake aliuliza.

Kilichomuuma mchomeleaji zaidi ni cherehani. Shemeji aliitumia maisha yake yote, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni, akikuuliza habari za watoto bila kuinua macho. Sasa kichwa cha cherehani kililala chumbani, juu ya kitanda, upande ule aliokuwa akilala shemeji, kimefunikwa shuka. Stendi yake ya chuma ilikuwa imegeuzwa mashine ya kukereza. Na pedeli, kitu ambacho seremala yeyote angekibakiza, ilikuwa imetupwa nje kwenye takataka.

"Hata pedeli, kaka? Umeme ukikatika?"

"Nitaungoja urudi."

"Na mwenyewe angekuwepo, ungemwambia nini?"

Kaka mtu alipitisha kiganja juu ya chuma, polepole, kama anayefuta vumbi ambalo halipo. "Yeye alifanya kazi ameketi, miaka yote hiyo," alisema. "Hakuna aliyemcheka."

Mchomeleaji akamimina chai. Alipochota sukari, kaka yake akafunika kikombe chake kwa mkono. Ndivyo alivyofanya tangu msiba.

"Mpaka lini? Matanga yameshaisha."

"Nimezoea."

Kaka mtu alijiegemeza kwenye rundo la mbao, akainua mguu mmoja kuupumzisha juu ya gogo. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua, na jua lilikuwa likichoma bati. Hapo ndipo mdogo mtu alipokiona kichwa cha msumari kwenye soli, msumari wenyewe umezama wote.

"Tulia hivyo hivyo!"

Akachukua koleo, akavuta. Msumari ulitoka mrefu, nusu yake nyekundu. Aliponyanyua uso, kaka yake alikuwa akipuliza chai.

"Hukusikia maumivu?"

"Nilikuwa nawaza mambo mengine."

Mchomeleaji aliutupa msumari nje. Wazazi walishakwenda. Shemeji naye kaenda. Mtu wa kumwita kaka alikuwa amebaki mmoja tu duniani, na huyo naye akili zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo, mbele ya macho yake. 

"Kaka, usikasirike. Hospitali kuna madaktari wa... wa mawazo. Sisemi una wazimu. Ni majonzi tu. Twende wakuangalie."

Alingoja atupiwe kipande cha mbao. Badala yake kaka mtu aliweka kikombe chini.

"Jumatatu naenda hospitali," alisema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba unisindikize. Ila kwanza tumalize meza."

"Tutaimaliza." Mchomeleaji alijibu haraka mno, kama mtu anayeogopa mwenzake asije akabadili mawazo.

Wakaimaliza Jumapili jioni. Kaka mtu alizunguka akigusa kila kitu: swichi, meno ya msumeno, randa kwenye rafu ya chini. Kisha akashika fremu ya mlango.

"Sasa hata nikirudi vipi, nina pa kurudia."

Mdogo wake aliitazama ile meza fupi isiyomfaa mtu. Zimebaki saa chache tu, alijisemea, daktari ataelewa.

Asubuhi, njia nzima ya kwenda hospitali, mchomeleaji alipanga maneno. Angeanza na meza, aingie kwenye rafu, cherehani aiache mwisho. Lakini walipofika kaka yake hakuuliza njia. Aliburuta mabuti yake moja kwa moja hadi mwisho wa korido, na muuguzi akamwita kwa jina la kazi.

"Fundi! Leo umekuja na ndugu yako. Afadhali. Ukiamka usiwe peke yako."

Kabla mchomeleaji hajauliza lolote, kaka yake alishalazwa kitandani, na yeye ameshikishwa mabuti.

"Haya utarudi nayo nyumbani," muuguzi alimwambia.

Daktari akaingia na kalamu ya wino. Akafunua shuka, akachora mstari kuzunguka paja la kulia, juu kidogo ya goti, kisha mwingine kwenye la kushoto, kimo kile kile. Kaka mtu aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akafumba jicho moja, akaikagua mistari yote miwili.

"Daktari," alisema, "ukate nje ya mstari."