Benchi la Mama

"Mchawi bila macho mekundu nani atamwogopa?" kiongozi wa kikundi cha maigizo alisema, akimpaka Limi rangi nyekundu kwenye kope.

Limi akachungulia ukumbi wa Kambarage kupitia upenyo wa pazia. Mama yake, aliyetoka kijijini kuja kumwona akiigiza, alikuwa peke yake kwenye benchi zima. Waliokuwa wameketi naye walishamhama, wakiyaogopa macho yake. Baada ya miaka arobaini ya kupikia kwa samadi kavu ya ng'ombe, moshi ulikuwa umemwachia macho mekundu.

Limi akaifuta ile rangi kwa kanga, akasugua hadi kope zikawaka.

"We! Pazia linafunguliwa!" kiongozi akamaka.

"Lifunguliwe."

Akashuka jukwaani, macho yamemwiva kuliko alivyopakwa.

"Sogea, mayu," akamwambia mama yake.

Akaketi, akawageukia watu.

"Haya! Nani mwingine anahama?"