Mpini wa Mjozi

Sauti ya tupa ilikoma. Ilene akaganda pale kwenye sinki, sahani mkononi, masikio yote gereji, akisubiri mlio.

Haukuja. Tupa ikaanza tena kukwaruza chuma, naye akavuta pumzi. Ndivyo alivyoishi tangu baridi ya mwaka jana, mwana wao Travis alipoteleza na gari kwenye barafu, akatumbukia mtoni akaenda na maji: kazi yake ilikuwa kusikiliza mlango wa gereji.

Royce, mumewe, alikuwa akiipamba bastola. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Bastola ya marehemu baba yake, iliyolala kabatini miaka na miaka, ghafla ikawa ndiyo mke, ndiyo dini. Aliibana kwenye jiliwa, akaisugua kwa msasa, akaichongea mpini mpya wa mti wa mjozi. Wanaume wengi wa bonde lile walikuwa na mchezo huo theluji ikianguka, na hakuna aliyewashangaa. Lakini wao hawakujifungia kwa komeo.

Wala hawakuacha kuwinda. Marafiki walipompitia kwenda kutafuta kulungu, Royce aliwajibu kupitia dirishani.

"Nendeni tu. Mimi sitoki nyumbani."

"Bibi amekufunga kamba?" mmoja akamtania.

Hakucheka. Huyu Royce ambaye zamani hakukosa msimu hata akiwa na homa!

Ilene alifanya alichoweza. Alizitoa risasi kabatini, akazificha. Siri hiyo alimwambia Darla, dada yake Royce, aliyekuja na bakuli la tambi za jibini.

"Umezificha wapi, wifi?"

"Chini ya soksi zangu."

"Zimwage, mwanamke! Kijito hicho hapo nyuma ya nyumba. Unangoja nini?"

"Nitazimwaga."

"Lini?"

"Nimesema nitazimwaga, Darla. Beba mashine yako uende, theluji inakuja."

Mashine ilikuwa ya kushonea, na ilikuwa ya Ilene. Alikuwa amempa wifi yake. Hashoni tena, sasa ya nini kujaza nyumba? Koti lake zuri la sufi alikuwa ameshampa mke wa mchungaji. Darla aliipakia mashine kwenye gari, akasimama kidogo akimtazama, kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akaondoka.

Kijito kilikuwa hatua chache tu, lakini siku zilipita na Ilene hakwenda. Kila asubuhi akivaa, alipeleka mkono chini ya soksi, akazipapasa. Zilikuwepo, baridi, nzito, na moyo wake ulitulia. Zikiwa hapa, alijiambia, haziwezi kuwa ndani ya bastola.

Kisha chupa ya vidonge vyake vya usingizi ikatoweka bafuni.

Ilene aliketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Basi Royce amekosa risasi, sasa anatafuta njia nyingine. Jioni ile alipika maharage na mkate wa mahindi, chakula anachokipenda mumewe, akajaribu kumbembeleza.

"Royce, niambie unawaza nini. Mimi ni mkeo."

"Kula kwanza."

"Nimekula."

"Hujala. Umezungusha kijiko tu." Alimtazama mikono, iliyokonda ikabaki mifupa. "Mashine yako ya kushonea iko wapi?"

"Nimempa Darla."

Royce aliweka uma chini taratibu. Akainuka, akaenda gereji, na komeo likalia.

Jumapili, wenzao wakiwa kanisani, mwanga wa buluu ulimetameta chini ya mlango wa gereji, na harufu ya chuma kilichoungua ikajaa jikoni. Halafu kimya. Hakuna tupa, hakuna msasa.

"Royce?"

Alisukuma mlango; umekomewa.

Alitoka mbio kwenye theluji na soksi zake, akazunguka nyumba, akang'oa shoka kwenye gogo la kuni, akaushambulia mlango wa nje wa gereji.

"Usiniache! Travis ameniacha, na wewe usiniache, Royce!"

Mbao zikapasuka. Royce alikuwa ameketi, kinyago cha kuchomelea kimeinuliwa utosini, masikio yamezibwa. Aliyazibua akimshangaa. Mbele yake, juu ya kitambaa safi, ililala bastola, mpini wake uking'aa mwekundu wa asali. Ilikuwa nzuri kweli. Na mtutu wake ulikuwa umejazwa chuma mpaka mdomoni, bado kinafuka moshi.

"Haipigi tena," Royce alisema. "Ni ya mzee, nimeshindwa kuitupa, ndiyo maana nikaipamba. Lakini haipigi. Hata mtu akiwa na risasi zake."

Ilene aliangusha shoka. Alicheka, akalia, akapiga magoti akamkumbatia miguu.

"Na mimi nilikuficha risasi! Nilidhani unataka kujiua, Royce. Ee Mungu wangu, nilidhani unataka kujiua!"

"Najua ulizificha. Niliziona siku ileile." Royce alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Nikasema, mke wangu ananiokoa, atakwenda kuzimwaga kijitoni. Nikangoja. Hukuzimwaga, Ilene. Kila asubuhi nakuona pale kwenye droo, unazipapasa."

Kupitia mlango uliovunjika kijito kilisikika kikipita.

"Na vidonge," Royce alisema, "ninavyo mimi."

Ilene aliuficha uso wake kwenye magoti ya mumewe.

"Usinipe," alisema. "Hata nikikuomba."