Ubao wa Magesa

Siku hizi anayezama ziwani hatafutwi. Hukatwa magugu maji ya pale alipozama, nyuzi zake zikagandamizwa kwa gundi na moto, na familia ikapewa ubao wa urefu wa marehemu, wauzike badala ya mwili. Nyanjige hakuuzika wa mumewe, Magesa. Aliutia miguu, ukawa meza.

Mama mkwe alipokuja kuuchukua, alishika kiuno mlangoni.

"Unalia ugali mgongoni kwa mwanangu?"

"Mama, hata alipokuwa hai hakubanduka mezani."

Mama mkwe nusura acheke. "Mfu ni wa ardhi. Shika huko tunyanyue."

Wakavuta, meza haikutikisika. Nyanjige akainama kuchungulia. Chini ya ubao ule uliopita motoni ilining'inia mizizi myeupe, mibichi, imetoboa sakafu ya udongo, na mmoja umejipenyeza kwenye mkeka aliolalia mtoto wake.

Nyanjige akachukua kisu. "Nikate, Mama?"

Mkwewe alikwisha piga magoti, akiipapasa mizizi kama nywele. "Umkate nani? Lete maji, ana kiu."

Nyanjige akayaleta, maana mkwe hakataliwi. Kisha akamnyanyua mtoto amhamishe, na mkeka ukanyanyuka pamoja naye, umemng'ang'ania mgongoni.