Kanga Ndani ya Godoro

"Risiti iko wapi?" dalali aliuliza huku akitafuna tambuu.

"Godoro nimelijaza sufi kwa mikono yangu. Risiti anipe nani?" Siwema alijibu.

Lilikuwa limezolewa pamoja na vitu vya kaka yake, Shebe, kwa deni la huyo huyo Shebe, na sasa wanunuzi walikuwa wamelizunguka uani kwa dalali. Siwema akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwanamume yeyote: ndani yake ameshonea kanga aliyojifungulia, kama mama yake alivyomfundisha.

Dalali akalipasua kwa kisu. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapekua, akaitoa kanga. Akaitandaza juani, doa la uzazi likaonekana. Akainusa. Wanunuzi wakaangua kicheko.

"Kweli, ni la huyu mama. Mpeni," dalali alisema.

"Si nilikwambia watakurudishia, dada?" Shebe alisema kutoka kivulini, akimenya chungwa.

Dalali alifuta kisu chake kwa ile kanga, kisha akamnyooshea mwenyewe. Siwema aliipokea kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota panya mfu, akabaki ameishika mbali na nguo zake.