Pakiti ya Pili

"Hizi risasi ngumu ni za nyati," mwindaji mzee alisema, akaisukuma pakiti. "Simba zitampenya tu na kutokea ng'ambo, naye atakufikia akiwa mzima. Nipe za ncha laini, zinazotanuka mwilini, za bunduki yangu ya tatu sabini na tano."

"Mzee wetu hadanganyiki!" Muuza risasi alicheka. "Pakiti ngapi?"

"Mbili, kama siku zote."

Moja siku zote ilikuwa ya kaka yake, aliyekuwa akisimama nyuma yake porini kwa miaka thelathini, tayari kupiga risasi ya pili.

Muuza risasi akaacha kucheka. Yeye na mzee walikuwa wamemzika kaka huyo mwezi uliopita.

Alipoweka pakiti mbili mezani, mzee alipapasa kona ya ile ya pili kwa kidole gumba, kisha akairudisha.

"Na huyo simba anayekula watu wetu utamfuata na nani?" muuza risasi aliuliza.

"Ndiyo maana nataka laini, aanguke kwa risasi ya kwanza. Ya pili haina mpigaji."